Karatasi haina freni: gari za abiria za Kakanda zikaguliwe kweli

Asubuhi moja, kwenye kituo cha gari cha Kakanda, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisimama mbele ya Hiace iliyokuwa inatafuta abiria wa Likasi. Aliitazama gari kutoka juu hadi chini, kisha akamuuliza dereva: "Papa, freni iko muzuri?" Dereva hakukanyaga freni, wala hakumwita mama atazame mipira. Alivuta bahasha ya plastiki karibu na kioo cha mbele, akaionyesha: carte rose, assurance, vignette, contrôle technique. "Mama, usiogope. Karatasi yote iko." Mama akapanda. Mwandishi wa mistari hii naye akapanda.

Tulifika Likasi salama, kwa hiyo hakuna ajali ya kusimulia hapa. Lakini lile swali na lile jibu vinatosha kuonyesha ugonjwa wa barabara zetu. Abiria aliuliza habari za chuma, akajibiwa habari za karatasi. Na sisi wote tuliokuwa ndani tuliona ni jibu la kawaida.

Tunasema wazi: "contrôle technique" katika eneo letu imegeuka kitu cha kuonyesha kwenye barieri. Karatasi inatazamwa sana, gari inatazamwa kidogo. Tunaomba jambo hilo libadilike, na mabadiliko yaanzie kwenye gari za abiria, hasa zile ambazo hazikutengenezwa kiwandani kwa ajili ya kubeba watu.

Mji mmoja, kanuni mbili

Anayedhani kwamba ukaguzi wa kweli hauwezekani Kakanda asimame kando ya barabara alfajiri. Gari za kampuni za madini zinapita na bendera ndefu na taa ya kuwaka juu, kila mtu ndani amefunga mkanda. Kabla ya kuwasha injini, dereva wa gari hiyo ameizunguka na fomu mkononi: mipira, taa, honi, mafuta ya freni, mikanda, kizima moto. Kikikosekana kitu cha lazima, gari haitoki. Hiyo ni kanuni ya kawaida ya migodi mikubwa karibu dunia nzima, na vijana wetu wengi wameijifunza huko ndani mpaka wanaifanya bila kufikiri.

Nyuma ya gari hiyo, katika vumbi lake, inakuja basi ndogo iliyojaa watu, mifuko ya makala juu, mlango umefungwa kwa kamba. Ndani yake yuko mke wa yule mfanyakazi wa mgodi. Yuko mtoto wake anayerudi shuleni Likasi. Na siku ya mapumziko, yuko yeye mwenyewe. Mtu yule yule ambaye kazini haruhusiwi kusogea hata mita kumi bila mkanda, akitoka nje ya uzio anakaa juu ya benchi la chuma, magoti yakigusa mgongo wa jirani, ndani ya gari ambayo hajui ilitazamwa lini chini ya tumbo.

Barabara ni ile ile na vumbi ni lile lile. Kinachotofautiana ni kwamba ndani ya uzio kuna mtu anayelazimishwa kutazama gari, na nje ya uzio kuna mtu anayelazimishwa kuonyesha karatasi.

Gari ile ile, maisha mawili

Gari zetu nyingi za abiria zilizaliwa kama gari za mizigo. Wasomaji waliofika Kinshasa wanaijua Mercedes 207. Ilitengenezwa Ujerumani kuanzia mwaka 1977, na nyingi zilikuwa za kubeba vifaa vya mafundi na bidhaa za maduka. Zilipozeeka zikaletwa kwetu. Mafundi wakakata mabati kutoa madirisha, wakachomelea mabenchi ya chuma sakafuni, na gari ikaanza kubeba watu. Wakaaji wa Kinshasa waliipa jina ambalo halihitaji maelezo: Esprit de mort. Baadaye serikali yenyewe ilipoleta basi ndogo mpya, ziliitwa Esprit de vie, kama kukubali kwamba wananchi hawakukosea katika jina la kwanza.

Huko Ujerumani, gari hiyo hiyo ya 207 ilipata maisha mengine. Familia nyingi ziliinunua ikiwa tupu, zikaweka kitanda, meza, jiko la gesi na tangi la maji, zikaifanya nyumba ya kutembea, ile Wafaransa wanaita camping-car. Wajapani wanafanya vile vile na Hiace: ni moja ya gari zinazopendwa sana kwao kwa kutengeneza nyumba za safari. Wao pia wanageuza gari ya mizigo kuwa kitu kingine. Kugeuza gari si dhambi.

Lakini angalia kinachofuata. Mjerumani akimaliza kazi yake, mtaalamu wa ukaguzi anakuja kuitazama: kiti kimefungwaje, uzito umebadilikaje, mkanda umeshikwa wapi. Mabadiliko yanaandikwa kwenye karatasi za gari. Baada ya hapo nyumba hiyo ya kutembea inarudi kwenye ukaguzi, kwa kawaida kila miaka miwili kwa zile nyepesi. Hata mpira wa gesi wa jiko lake una ukaguzi wake wa kila miaka miwili. Uingereza, gari ya namna hiyo ikifikisha miaka mitatu inakwenda mtihanini kila mwaka. Utaratibu huo wa Waingereza ulianza mwaka 1960 na ulihusu gari za miaka kumi na zaidi. Walipoona ni gari ngapi zinaanguka mtihani, wakaushusha hatua kwa hatua mpaka miaka mitatu, mwaka 1967.

Kwa hiyo mzee wa Ulaya anayelala ndani ya gari yake na mke wake, wiki mbili kwa mwaka, anakaguliwa mpaka jiko la chai. Kwetu, gari ile ile inabeba watu kumi na wanane kila siku, na hakuna anayeuliza benchi limeshikwa na nini. Ikigonga mti, benchi lile linang'oka na watu wake wote kwenda mbele. Mchomeleaji aliyelitengeneza hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba chuma cha sakafu ya mizigo ni chembamba, kwamba inatakiwa bamba la kushika kwa chini, kwamba boliti inashinda tone la moto.

Mlango unaofunguka katikati ya barabara

Hiace zinazofika Katanga kutoka Japani zina jambo lingine ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo volani iko kuume na mlango wa abiria unaofunguka kwa kuteleza uko kushoto, upande wa majani. Sisi tunaendesha upande wa kuume. Gari ikisimama kwetu, mlango ule unafunguka upande wa katikati ya barabara. Abiria anashuka moja kwa moja mbele ya gari inayokuja nyuma. Mtoto anayeruka wa kwanza kwa furaha ya kufika anaruka mbele ya kamyo.

Dereva naye, akikaa kuume katika nchi ya kuendesha kuume, haoni mbele ya kamyo anayotaka kuipita. Inabidi atoe nusu ya gari nje kwanza ndipo aone. Kwenye njia ya Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi, ambako kamyo za shaba, za kobalti, za chokaa na za asidi zinafuatana mchana na usiku, na wakati wa kiangazi vumbi linafunika kila kitu, hiyo nusu ya gari ni nusu ya maisha ya watu walioko ndani.

Wengine wanahamisha volani kwenda kushoto katika garaji. Kazi hiyo ikifanywa vizuri ni sawa. Ikifanywa vibaya, bomba la volani limeunganishwa kwa kuchomelea, na siku moja litakatika kwenye kona. Kwa macho huwezi kutofautisha kazi nzuri na kazi mbaya ukiwa umekaa kwenye kiti cha abiria. Ndiyo maana kunatakiwa mtu wa kuinama chini na taa.

Gari inayokimbia mtihani inakuja kwetu

Tujiulize pia kwa nini Wajapani wanauza gari ambazo bado zinatembea. Sababu moja kubwa ni mtihani wao wenyewe, unaoitwa shaken. Gari mpya ya familia inakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ni ukaguzi mkali na wa gharama. Gari ikizeeka, mwenyewe anaona afadhali kuiuza kuliko kulipa tena. Gari inapanda meli, inashuka Dar es Salaam au Durban, inavuka Zambia, inaingia Kasumbalesa.

Si Japani peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 gari ndogo zilizotumika zipatazo milioni 14 ziliuzwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na 40 kwa mia kati yake zilikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walipotazama gari zilizokuwa zinapakiwa kwenye bandari zao kuja Afrika, walikuta nyingi hazina tena cheti halali cha ukaguzi wa nchi yao.

Maana yake ni nyepesi: gari inaondoka kule kwa sababu ya mtihani, na inafika mahali ambapo mtihani umegeuka karatasi. Hatusemi watu waache kununua okazyon. Wengi wetu bila okazyon tungetembea kwa miguu. Tunasema gari iliyokimbia mtihani wa wenzetu inahitaji mtihani wetu kuliko gari mpya.

Shirika la afya duniani linasema watu karibu milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya tisa katika kumi wanakufa katika nchi zenye mapato ya chini na ya kati kama yetu. Kwa vijana na watoto kuanzia miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo inayoua kuliko ugonjwa wowote. Katanga haihitaji kusoma ripoti ili kujua. Tarehe 20 Februari 2019, huko Kabwe, kwenye njia ya Kolwezi, kamyo iliyobeba asidi ya salfa kuelekea mgodi wa Mutanda iligongana na basi. Asidi ikamwagika juu ya watu. Watu karibu ishirini walikufa, wengine walibaki na majeraha ambayo hayatoki. Hatudai kwamba karatasi fulani au mkaguzi fulani angezuia msiba ule. Tunaukumbusha kwa sababu unaonyesha barabara yetu ni ya namna gani: hapa basi ya abiria haishiriki njia na baiskeli peke yake, inashiriki njia na matangi ya asidi. Mahali kama hapo, freni ya kubahatisha ni ghali kuliko mahali pengine.

Dakika thelathini zinatosha

Ukaguzi wenyewe si uchawi. Fundi mwenye shimo la kuingia chini ya gari, taa, jeki na kifaa cha kupima freni anahitaji kama nusu saa.

Anaanza na freni. Mafuta ya freni yanavuta unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Kwenye mteremko mrefu yanachemka, na pedali inazama sakafuni bila kitu. Anatazama mabomba kama yanavuja, na kama gurudumu moja linashika kuliko lingine, kwa sababu gari inayoshika upande mmoja inageuka yenyewe ikikanyagwa kwa ghafla. Kwa kamyo anasikiliza hewa: mlio mdogo wa kuvuja unatosha kueleza mengi.

Kisha mipira. Ubavuni mwa kila mpira kuna herufi DOT, na mwishoni tarakimu nne. Ukiona 2319, mpira ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unaweza kuwa na meno mazuri na bado umekufa kwa uzee, hasa ukikaa miaka juani sokoni. Uingereza, tangu mwaka 2021, imekataza mipira ya zaidi ya miaka kumi kwenye magurudumu ya mbele ya kamyo na mabasi, baada ya mama mmoja aliyempoteza mtoto wake katika ajali ya basi kupigania jambo hilo kwa miaka.

Baada ya hapo anashika volani na kutikisa magurudumu. Anatazama taa zote. Anatazama kutu kwenye fremu. Kwa gari iliyogeuzwa, anatazama mabenchi, mlango, na kama kuna njia ya kutoka gari ikilala ubavu. Mwisho anaandika. Na hapa ndipo penye tofauti yote: anaandika kile alichokiona, si kile alicholipwa.

Madereva wana neno

Tukiongea na madereva, hawakatai ukaguzi. Wanakataa kuibiwa. Wanasema: barabara ndiyo inavunja gari, na barabara hiyo tunalipia péage. Wanasema: roulage anatusimamisha mara nne kabla ya Likasi, na mwenye karatasi zote bado anaombwa "ya sabuni". Wanasema: mwenye gari anataka versement yake kila jioni, iwe mvua iwe jua, nikimwambia freni imekwisha, ananiambia maliza wiki kwanza.

Maneno haya ni ya kweli na ni lazima yasikilizwe. Lakini tuyafuate mpaka mwisho. Kama dereva analazimishwa na mwenye gari kuendesha bila freni, basi mkaguzi wa kweli ni rafiki ya dereva. Cheti kinachosema "gari hii isitembee mpaka ibadilishe mabomba ya freni" kinampa dereva nguvu ambayo mdomo wake hauna mbele ya tajiri. Leo dereva yuko peke yake: akikataa kuendesha, kesho volani iko mikononi mwa mwingine. Na ajali ikitokea, anayefungwa ni yeye, kama bado yuko hai.

Kuhusu wenye gari, tuseme bila kuficha: wengi wao si matajiri wa mbali. Ni mwalimu aliyeweka akiba, mfanyakazi wa mgodi aliyelipwa haki zake, askari, mfanyabiashara, kiongozi wa ofisi. Ni sisi. Tunanunua Hiace, tunamkabidhi kijana, tunahesabu versement. Kazi ya kutazama freni tunaiacha kwa Mungu.

Kuna funzo kutoka Uganda. Kuanzia mwaka 2016 serikali yao iliweka ukaguzi wa lazima wa gari zote, kazi ikapewa kampuni ya kigeni, SGS. Vifaa vilikuwa vya kisasa. Lakini watu waliona bei, waliona vituo vichache, wakauita kodi nyingine. Bunge likaingilia kati na mpango ule haukudumu. Ukaguzi ambao raia anauona kama mkono mfukoni mwake unakufa hata kama mashine zake ni nzuri. Yeyote anayetaka kuleta kitu kama hicho kwetu akumbuke hilo kabla ya kununua mashine.

Tunachoomba

Sheria ipo. Kanuni ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na ukaguzi wa gari si jambo jipya ndani yake. Hatuombi sheria nyingine ya kuweka kabatini. Tunaomba mambo matano ambayo yanaweza kufanyika hapa.

La kwanza: kituo kisogezwe kwa watu. Gari ya Kakanda isilazimike kupoteza siku nzima ya kazi ili ipate muhuri mbali. Shimo la ukaguzi, kifaa cha kupima freni na fundi wawili waliofunzwa si mradi wa mamilioni mengi. Kituo cha kuhama kinaweza kuja siku mbili kwa mwezi Kakanda, siku mbili Kambove, siku mbili Fungurume.

La pili: pesa ipo, itafutwe mahali ilipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya wakaaji walio karibu na mgodi. Sheria hiyo hiyo inazipa miji, sekta na sheferi 15 kwa mia ya redevance ya madini, na jimbo 25 kwa mia. Kamati zinazopanga pesa hizo zimezoea kuomba shule na visima, na ni vizuri. Tunaomba safari hii ziandike pia: shimo moja la ukaguzi wa gari za abiria. Na kampuni zenye garaji kubwa na wakufunzi wa usalama zinaweza kutoa kitu ambacho hakiwagharimu sana: kuwafunza mafundi wa mtaani namna ya kufunga benchi na kupima freni. Kamyo zao ndizo zinazotumia njia moja na mama zetu.

La tatu: anayekagua asiwe anayepokea pesa. Bei iandikwe ukutani kwa franka, ilipwe benki au kwa simu, M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Fundi apate gari na risiti tu. Hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kumlinda fundi mwaminifu.

La nne: gari ikianguka mtihani, isihukumiwe kama mwizi. Ipewe orodha ya makosa. Makosa ya kuua, kama freni, volani, mpira uliopasuka, yaizuie kutembea mara moja. Makosa madogo yapewe siku kumi na tano, na kurudi kwa mara ya pili kusilipiwe. Waingereza wanafanya karibu hivyo. Mtu anayejua kwamba atapewa muda wa kutengeneza hana haja ya kununua karatasi.

La tano: cheti kibandikwe mahali abiria anaona, pamoja na tarehe ya ukaguzi, tarehe ya mwisho na idadi ya watu wanaoruhusiwa kukaa. Leo cheti kinakaa kwenye bahasha kwa ajili ya polisi. Lakini anayekufa si polisi. Mwenye haki ya kwanza ya kukisoma ni yule anayelipa nauli.

Kuhusu mlango wa Hiace unaofunguka upande mbaya, hatutaki gari zote zipigwe marufuku kesho. Kakanda ingebaki bila usafiri. Tunaomba vituo vipangwe nje ya lami, gari iingie kabisa ndani kabla ya kushusha watu, na mtu wa gari ashuke wa kwanza kulinda mlango. Hiyo haigharimu hata franka.

Wakati tunangoja

Msomaji anaweza kusema: hayo yote ni ya viongozi, mimi nina safari kesho. Ni kweli. Basi kesho, kabla ya kulipa nauli, zunguka gari mara moja. Tazama mipira, usome zile tarakimu nne. Shika benchi ulitikise. Mwombe dereva akanyage freni huku wewe uko nyuma, uone kama taa nyekundu zinawaka zote mbili. Ukiona jambo la kutisha, shuka na uwaambie wengine kwa nini umeshuka. Dereva atakasirika. Lakini abiria watano wakishuka kwa sababu ya mpira uliokwisha, jioni ile ile mwenye gari atanunua mpira. Versement inaelewa lugha hiyo.

Na madereva, ambao wengi wao ni watu wa heshima wanaobeba mzigo mkubwa kuliko mshahara wao, tunawaomba kitu kimoja. Siku mama mwingine akiuliza kama freni iko muzuri, bahasha ibaki mahali pake. Fungua mlango, kanyaga pedali mbele yake, mwonyeshe. Kama pedali inazama, mwambie ukweli, naye asipande. Na mtu wa kwanza kukushukuru awe yule aliyekukabidhi gari.